Tazama Koo Kabla ya Mawe: Mwongozo wa kupima meko na dohani katika miji ya Mlima Kenya

Watu wa Mwambao wakijenga hubishana kuhusu kiyoyozi. Huku Nyeri swali la kwanza ni moto utakaa wapi. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hulala juu ya mji hadi mchana, manyunyu hayakatiki, na nyumba ya mawe huwa baridi ndani kuliko nje. Mji wenyewe uko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki karibu 1,950, na Nyahururu zaidi ya 2,300. Ndiyo maana wengi wanaojenga kati ya Othaya na Timau, wakiwa na nafasi kidogo mfukoni, huagiza meko ya ukutani. Na ndiyo maana zipo sebule nyingi mno zenye meko ya kupendeza ambayo haijawashwa tangu Krismasi ya kwanza, kwa sababu siku ilipowashwa wageni walitoka nje wakikohoa.

Kosa la meko hizo karibu kila mara ni lile lile: zilijengwa na mtu aliyefikiria mawe, akasahau hewa. Meko ni mtambo wa kusafirisha hewa. Inavuta hewa kutoka chumbani, inaipasha joto, inaipandisha pamoja na moshi na kuitoa juu ya paa. Fundi bingwa hujua kila hatua ya safari hiyo kabla hajashika mwiko, na kazi yake hupimwa kwa safari hiyo, hata kama sura ya mbele ni plasta tupu.

Anayetaka kuelimisha macho yake aende akanywe chai mahali ambapo moto umewaka miaka mingi. Outspan ya Nyeri, ambayo Eric Sherbrooke Walker aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1920, ni darasa zuri. Thomson's Falls Lodge kule Nyahururu, ya mwaka 1931, ni jingine, na vilevile Mount Kenya Safari Club ya Nanyuki, ambayo mwigizaji William Holden na wenzake waliianzisha mwaka 1959. Usiangalie pembe na picha zilizotundikwa juu ya moto. Inama. Chungulia ndani. Wahudumu wataelewa, na wengine watakueleza ni meko ipi ina tabia njema na ipi hununa upepo ukigeuka.

Wazee wetu hawakuhitaji dohani. Katika nyumba ya Kikuyu moto ulikaa katikati, juu ya mafiga matatu, na moshi ukapenya taratibu kwenye nyasi za paa, ukikausha mbao na kufukuza wadudu njiani. Paa lenyewe lilikuwa linapumua. Tulipoleta mabati na siling'i tuliziba pumzi hiyo, na tangu hapo kila nyumba inahitaji mtu wa kuifikiria upya.

Ukiingia kwenye nyumba ambayo meko imeshatumika, anza na linta, yaani boriti ya zege au chuma inayoshikilia ukuta juu ya mdomo wa moto. Ukiona masizi yamepanda juu ya linta na kutia weusi kwenye jiwe la mbele, moshi unamwagika chumbani. Mwenye nyumba anaweza kukuambia ni kuni mbichi tu. Pengine. Lakini kama plasta imepakwa rangi upya hapo tu na kwingine rangi ni ya zamani, una jibu lako.

Halafu njoo kwenye koo. Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Koo ni ile sehemu nyembamba iliyo juu ya moto, mahali moshi unapoingia kwenye dohani. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts anayejulikana zaidi kama Count Rumford, alichapisha maandishi yaliyobadilisha meko za London. Aliona kwamba makoo ya wakati wake yalikuwa mapana kupita kiasi, yakimeza hewa yote yenye joto chumbani huku moshi ukizunguka ovyo na kurudi. Akayabana hadi kina cha inchi 4 kutoka mbele kwenda nyuma. Akaufanya ukuta wa nyuma uwe theluthi moja ya upana wa mdomo, kina cha meko kiwe sawa na upana huo wa nyuma, na kuta za pembeni zifunguke kwa mshazari ili joto lirushwe chumbani. Zaidi ya miaka 200 imepita na vipimo hivyo bado vinafanya kazi, kwa kuwa moto haujabadilika.

Sasa chukua tochi ya simu, piga magoti, uangaze juu. Koo zuri utaliona liko kama inchi 8 juu ya ukingo wa chini wa linta, limenyooka kutoka kushoto hadi kulia, na upande wake wa mbele umepigwa plasta ukazungushwa vizuri, bila kona ya kuukwaza moshi. Nyuma yake kuna rafu ndogo inayonasa masizi na matone ya mvua yasidondokee moto. Pitisha kiganja. Kama unagusa mota iliyofura na kugandia kwenye viungo, au jiwe lililotokeza ncha, fundi aliharakisha mahali alipojua hutaangalia. Mtu aliyelainisha koo ambalo hakuna mgeni atakayeliona, huyo mpe nyumba nzima ajenge.

Kama meko bado haijajengwa, muulize fundi moja kwa moja: Mzee, koo utaliweka inchi ngapi? Anayejua hujibu kwa namba, kisha hukuuliza mdomo wa meko utakuwa na upana gani na dari iko juu kiasi gani. Asiyejua hukuonyesha picha kwenye simu.

Swali la pili ni tundu la dohani. Kanuni ya kawaida ni kwamba eneo la tundu kwa ndani liwe kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya nane ya eneo la mdomo wa meko. Piga hesabu: mdomo wa inchi 36 kwa 30 una inchi za mraba 1,080, hivyo dohani inahitaji kati ya 108 na 135. Fundi akikuambia 9 kwa 9 inatosha, hiyo ni 81, na utavuta moshi maisha yako yote. Tundu la 12 kwa 12 linakupa 144, na hicho kidogo cha ziada si anasa. Katika kimo cha Nyeri msukumo wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, dohani huvuta kwa udhaifu zaidi. Vipimo vilivyoandikwa kwa nchi za tambarare vinahitaji kuongezwa, kwa tundu au kwa urefu, na Nyahururu huhitaji zaidi ya Karatina.

Kwa urefu, dohani ikiwa chini ya futi 15 kutoka sakafu ya meko hadi kileleni, mimi huanza kutia shaka. Nyumba nyingi za ghorofa moja huanguka hapo, maana mwenyewe huona haya dohani ndefu juu ya paa fupi. Asione haya. Kilele kinapaswa kuzidi mahali dohani inapotoboa paa kwa futi 3 angalau, na kuzidi kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10 kandokando, iwe mgongo wa paa, tangi la maji au ghorofa ya jirani. Kwenye miteremko ya mlima upepo hupanda mchana na kushuka usiku, saa zile zile unapotaka moto. Dohani iliyojificha nyuma ya mgongo wa paa hupigwa na upepo huo kutoka juu na kurudisha moshi sebuleni.

Ukiwa nje, tazama kofia. Bamba la zege la kuzuia mvua huwekwa mara nyingi likiwa limelalia tundu, likiacha upenyo wa vidole vitatu. Mvua haiingii, ni kweli, na moshi hautoki. Jumla ya nafasi za pembeni chini ya kofia isiwe ndogo kuliko tundu lenyewe. Kisha panda ngazi uone bati linalozunguka dohani pale inapotokeza paani. Liwe limekunjwa na kuchomekwa ndani ya kiungo cha mawe. Likiwa limebandikwa kwa simiti au lami tu, masika ya pili yatakuletea madoa kwenye siling'i. Na kule darini, mbao za paa zisiguse dohani: inchi 2 za hewa tupu kati ya ubao na ukuta wake ndiyo kipimo changu cha chini. Kuna mafundi wanaoegemeza boriti kwenye dohani ili kuokoa nguzo. Hapo usijadiliane, mwambie abomoe.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Ndani ya meko panatakiwa tofali za moto, zilizounganishwa kwa udongo wake maalumu na viungo visivyozidi robo inchi. Mota ya saruji ya kawaida hupasuka kwa joto. Mawe ya mtoni, yale ya mviringo ambayo yamekuwa mtindo Nanyuki, ni mazuri kwa sura ya nje lakini yasiguswe na moto, kwani maji yaliyojificha ndani yake yakichemka jiwe linaweza kulipuka. Mawe ya kuchongwa ya hapa Nyeri yanafaa kabisa kwa dohani yenyewe, mradi tundu lipigwe plasta laini au livalishwe mabomba ya udongo kwa ndani.

Hewa inayoingia ndiyo sehemu ambayo wengi huisahau, na ndiyo inayoua. Nyumba za zamani za Kenya zina matundu ya hewa juu ya kila dirisha, yasiyofungika. Baridi ya Julai ikifika watu huyaziba kwa magazeti na matambara, na nyumba mpya za madirisha ya alumini mara nyingine hazina matundu kabisa. Moto ukiwashwa kwenye chumba kama hicho hukosa pumzi, na dohani huanza kushusha hewa badala ya kuipandisha. Fundi mzuri huliona hilo kwenye ramani. Hupitisha bomba la inchi 4 au 6 chini ya sakafu, kutoka ukuta wa nje hadi karibu na meko, na kuliwekea wavu wa kuzuia panya. Huuliza pia kama jikoni kutakuwa na feni ya kutoa harufu, kwa sababu feni kali inaweza kuishinda dohani na kuvuta moshi chini.

Na kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia iliyolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa isiamke. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Makaa yanayoonekana safi, yasiyo na moshi, ndiyo huitoa kwa wingi. Kwa hiyo kagua kile kilango cha chuma kinachofunga koo. Mwenye meko hutamani kukifunga usiku ili joto lisipotee, huku makaa bado mekundu. Kilango kilichotengenezwa na mtu anayejali kina tundu katikati, au kimekatwa upande mmoja, hivi kwamba hata ukikisukuma hadi mwisho dohani haizibiki kabisa. Ukikuta tundu hilo, jua aliyelikata aliwafikiria watoto wako.

Malipo ya mwisho yasitoke kabla ya majaribio mawili. La kwanza lifanyike asubuhi ya ukungu, si mchana wa jua, madirisha yakiwa yamefungwa kama mtakavyoyafunga mkiishi humo. Dohani iliyolala usiku kucha imejaa hewa baridi nzito inayotaka kushuka. Kunja gazeti, liwashe, ulishike juu kabisa karibu na koo mpaka usikie mvumo hafifu ukipanda, kisha ndipo uwashe kuni chini. Baada ya hapo sogeza udi unaofuka moshi kwenye ukingo wa linta, pole pole kutoka kona hadi kona. Moshi wake unapaswa kupinda na kuingia ndani kila mahali. Kona ambayo moshi unasitasita ndiyo fundi anapaswa kuirudia.

La pili ni la dohani yenyewe. Washa moto mdogo, ukishika vizuri weka majani mabichi, halafu mtu aliye paani afunike kilele kwa gunia lililoloweshwa. Zunguka upesi: darini, chumba cha kulala kilicho nyuma, nje kando ya ukuta. Popote moshi unapochungulia pana ufa, na ufa wa darini ndio wa kuogopwa zaidi. Fundi aliyejiamini hupanda mwenyewe na gunia lake.

Kuni ni shauri lako, si la fundi, ila usimlaumu kwa kuni mbichi. Mkaratusi, grevilea na muthanduku za shambani zinafaa zikipasuliwa na kukaa chini ya paa miezi sita au zaidi. Katika unyevu wetu mwaka ni bora. Saiprasi ina utomvu, hurusha cheche na kupaka dohani masizi ya kunata yanayoweza kushika moto. Kwa ajili ya masizi hayo, hakikisha fundi ameacha mlango mdogo wa chuma kwenye dohani au njia ya kupitisha brashi kutoka juu, na uisafishe kila mwaka mwezi wa Mei, mvua za masika zikianza kupungua na kabla baridi haijaingia.