Mkimbizi Asiyekimbia: Uzee wa Ugenini katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kati ya Lodwar na Kakuma pana safari ya kilomita 120 hivi katika nchi kame ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Mtu aliyezeekea Lodwar na mtu aliyezeekea Kakuma huchomwa na jua lile lile. Hata hivyo, wa kwanza, akiwa raia aliyetimiza umri wa miaka 70, anastahili kuandikishwa katika mpango wa serikali uitwao Inua Jamii, ambao kiwango chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Wa pili, ikiwa aliingia Kenya akitoka Sudan katika miaka ya 1990, hastahili, kwa sababu si raia; yeye hungojea posho ya mashirika. Shilingi 2,000 si fedha nyingi, wala hapana awezaye kusema kwamba wenyeji wa Turkana ni matajiri. Lakini tofauti tunayokusudia kuichunguza hapa si ya fedha tu. Yule wa Lodwar huitwa mzee. Yule wa Kakuma, katika daftari na katika magazeti, huitwa mkimbizi.

Hoja ya makala haya ni kwamba lugha yetu na fasihi yetu zimezoea kuutazama mwisho wa maisha ya kazi kama marejeo ya nyumbani, na kwa hiyo hazijampatia nafasi mtu anayezeeka ugenini bila ya kurejea. Tutaanza na maneno, kisha tutavitazama vitabu.

2. Maneno

Neno “kustaafu” limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuondolewa katika kazi. Anayestaafu, basi, ni lazima kwanza awe na kazi na awe na mtu wa kumwomba. “Kiinua mgongo” ni neno letu wenyewe, na picha yake ni nzuri: mtu ameinama kwa miaka mingi, na sasa anapewa kitu cha kumsaidia asimame. Maneno yote mawili yanakiri kwamba kuna deni kati ya mtu na waliomtumikisha. “Posho” halina maana hiyo. Posho ni chakula au fedha ya matumizi ya siku, apewayo askari, kibarua au msafiri ili aendelee na safari yake. Anayepewa posho kwa miaka 30 anahesabiwa kuwa bado yumo safarini.

“Mkimbizi” lina tatizo la namna yake. Kutokana na “jenga” tunapata “mjenzi”. Kutokana na “okoa” tunapata “mwokozi”. Umbo hili humtaja mtu ambaye tendo lake limekuwa kama kazi yake au sifa yake ya kudumu. Mtu aliyefika Kakuma mwaka 1992, kambi ilipofunguliwa, akiwa na umri wa miaka 40, alitimiza miaka 70 mwaka 2022. Kukimbia kwake kulikwisha zamani. Miguu yenyewe haimruhusu tena. Hata hivyo jina linaendelea kumkimbiza. Na mpango wa kununulia chakula kwa simu, ulioanzishwa kambini mwaka 2015, ulipewa jina la Bamba Chakula, yaani kishike, kinase. Jina hilo limetoka katika Kiswahili cha mitaani, nalo lina uchangamfu wa vijana. Mzee wetu, basi, amezungukwa na maneno ya watu wenye mbio na wepesi wa mikono.

Zipo methali pia. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii ina hekima kubwa kuliko inavyodhaniwa: inamtoa mgeni katika hali ya kulishwa na kumwingiza katika hali ya mwenyeji anayefanya kazi. Lakini kwa miaka mingi sera ya Kenya ilikuwa kuwaweka wakimbizi kambini, na kibali cha kutoka au cha kufanya kazi kilikuwa kigumu kupatikana. Ardhi yenyewe haipati mvua ya kutosha. Makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 vilikuwa hatua za kuelekea kwenye jembe hilo. Kwa aliyekwisha kuzeeka, hata hivyo, siku ya tatu ilichelewa mno.

Je, hapana neno lingine? “Mlowezi”, litokanalo na kitenzi “lowea”, lingefaa kwa maana yake ya asili, kwani ni mtu aliyehamia mahali akafanya kwake. Lakini katika Kenya neno hili limebeba kumbukumbu ya Wazungu waliotwaa ardhi, na si haki kumvika mzee wa Kakuma joho hilo.

3. Vitabu

Katika fasihi andishi ya Kiswahili, mfano mashuhuri wa mtu anayeacha kazi ya mshahara ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968. Utubora anaiacha kazi ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Wahakiki wengi wamekisifu kitabu hiki kwa kuitukuza kazi ya mikono na utu, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tukikisoma tukiwa na Kakuma mawazoni, tunaona sharti ambalo mwandishi hakuona haja ya kulitaja: sharti Busutamu pawepo. Pawe na ardhi inayomngojea mtu, na pasiwe na vita vilivyoichoma.

Kuhusu Kakuma yenyewe, kitabu kilichosomwa sana duniani ni What Is the What cha Dave Eggers (2006), kinachosimulia maisha ya Valentino Achak Deng, mmoja wa vijana wa Sudan waliokulia humo na kupelekwa Marekani. Ni kitabu chenye nguvu. Hata hivyo, muundo wa kisa chake unaifanya kambi kuwa kituo cha njiani. Kijana anapita, na masimulizi yanaondoka pamoja naye. Wale waliokuwa watu wazima tangu siku ya kwanza wanabaki nyuma ya ukurasa, kama walivyobaki nyuma ya ndege.

Mwandishi aliyemkabili mzee huyu uso kwa uso ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, katika riwaya yake By the Sea (2001). Saleh Omar ana umri wa miaka 65 anapotua Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine na kisanduku cha udi. Ofisa wa uhamiaji anamstaajabia, kwani kwa fikira zake kuomba hifadhi ni shughuli ya vijana. Hapo Gurnah ameligusa jambo tulilolikuta katika neno “mkimbizi”. Wala hamrudishi Saleh Omar Unguja. Anampa makao katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, na anampa mtu wa kumsikiliza, Latif Mahmud, ambaye hapo mwanzo alifikiriwa kuwa mkalimani wake.

Kasoro moja yafaa itajwe. Msikilizaji huyo ni mtu wa mji ule ule, ambaye habari za ukoo wake zimefungamana na za mzee. Hivyo ugenini kwa Gurnah huponywa na mwenzi wa nyumbani. Kakuma ni tofauti. Hapo Mkongo, Mrundi, Msomali na Msudan hukutana na Mturkana, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Msikilizaji wa mzee huenda akawa jirani asiyewahi kuiona nchi yake. Riwaya ya namna hiyo ingeweza kuandikwa kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine yoyote.

4. Mzee wa Lodwar

Historia ya Turkana ina mfano mmoja unaostahili kutajwa. Jomo Kenyatta, baada ya kifungo chake Lokitaung, alihamishiwa Lodwar mwaka 1959, akawekwa humo chini ya ulinzi hadi mwaka 1961. Alikuwa mtu mzima, mbali na kwao, katika nchi ambayo hakuichagua. Taifa lilimwita Mzee, wala hakuna aliyemwita kwa jina la kufungwa kwake. Tunaikumbuka Lodwar kwa sababu aliondoka, akarudi, akatawala. Masimulizi ya marejeo ni matamu, nasi tunayapenda; lakini yanatufundisha kuuthamini ugenini kwa yule tu aliyeuvuka.

5. Hitimisho

Yawezekana msomaji akasema kwamba “mkimbizi” ni neno la sheria, na kwamba kubadili neno hakuongezi unga kwenye mfuko. Kweli. Mwaka 2025 posho ya Kakuma ilipunguzwa sana kwa upungufu wa fedha za wafadhili, na hakuna mhakiki angeweza kuizuia hasara hiyo. Lakini mwaka huo huo msaada ulianza kugawanywa kwa kuwapanga watu katika makundi ya mahitaji, na kumpanga mtu ni kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Neno linalouficha umri linauficha pia uhitaji.

Hatupendekezi neno jipya litungwe ofisini. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zipeleke wanafunzi Kakuma wakakusanye Kiswahili cha wazee wa huko: masimulizi, wosia, na namna wanavyojitaja wenyewe. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, lakini binti alikuwa karibu naye. Wazazi ambao watoto wao walichukuliwa Marekani au Australia hutoa wosia kwa simu, na hatujui bado utanzu huo umekuwa na sura gani. Pili, tunapofundisha Utubora Mkulima, tuwaulize wanafunzi wetu Utubora angefanya nini kama Busutamu haipo. Swali hilo halimpunguzii Shaaban Robert heshima yake. Linaupeleka utu alioufundisha mpaka mahali ambapo hakuna shamba la kurejea.