Njugu Mawe Mbichi Hazimenywi

Mpishi anayemenya njugu mawe mbichi kabla ya kuzibandika ameliharibu pishi hata moto haujakolea, na ndivyo ilivyokuwa kwa pishi moja nililolitazama. Njugu ziliteuliwa vizuri, zikaoshwa, maji yakatosha na moto ukatulia. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kule kubandua maganda moja baada ya jingine, kwa hoja kwamba punje zitaiva upesi na mlaji hatasumbuka. Njugu mawe hukomaa chini ya udongo, na ganda lake mara nyingi hubeba punje moja tu. Likiwa bado bichi, ganda hilo hupitisha maji ya chumvi polepole na kuibana punje mahali pake mpaka iive ikiwa nzima. Liondoe, na ile ngozi changa ya punje inapasuka maji yakianza kutokota, wanga unamwagika, na ladha inabaki kwenye maji badala ya kubaki kwenye njugu. Ndiyo maana sufuria ile ilitoa uji mzito, kisha mpishi akanyunyiza chumvi juu juu, chumvi ambayo haikuwa na njia tena ya kuingia ndani.

Mabibi wa Usukuma waliijua kazi hii kuliko wapishi wetu wa leo. Walitia chumvi mapema, wakachemsha njugu na maganda yake, na baada ya kuepua wakaziacha zilale katika maji yaleyale, maana chumvi hukolea vizuri chungu kikiwa kinapoa. Kusini mwa Marekani karanga mbichi huchemshwa kwa njia hiyohiyo, na hakuna anayezimenya kwanza. Magadi nayo nimeyapinga siku zote na ninayapinga tena: njugu mbichi ni laini tayari, kwa hiyo magadi huleta ladha ya sabuni pasipo faida yoyote.

Wapo watakaosema kwamba ganda linakula kuni, na Shinyanga hoja hiyo haipuuzwi. Mkoa huu ulikatwa miti hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 kuirudisha ardhi kwa ngitili, yaani malisho yanayotengwa ili yaote upya. Lakini mla kuni mkubwa ni njugu kavu isiyolowekwa. Mbichi yenye ganda, ukifunika sufuria na kuiepua mapema, humalizia kuiva katika maji ya moto. Hoja ya Geita ni nzito zaidi: udongo wa jirani na mialo ya kuchenjulia dhahabu unaweza kuwa na zebaki, na ganda hubeba udongo. Ni kweli, na udongo wa kawaida huondoka kwa kusugua na kubadilisha maji mpaka yatoke meupe. Ila shamba likiwa kando ya marudio, yaani mabaki ya uchenjuaji, kumenya hakumlindi mlaji, kwa kuwa hakuondoi kilichopita kwenye mizizi. Njugu ya hapo isinunuliwe kabisa, iwe na ganda au bila ganda.

Kumenya kuna mahali pake, nako ni kwenye njugu kavu za makande, zinazolowekwa na kupikwa muda mrefu pamoja na mahindi. Kwa njugu mbichi, kazi hiyo ni ya mlaji, kwa vidole na meno yake, akipata kwanza yale maji ya chumvi yaliyotunzwa ndani ya ganda. Mpishi anayemwondolea kazi hiyo amemwondolea pia sababu ya kuzitafuta njugu zikiwa mbichi.