Nyonga Inayojibana na Gegedu Linalochanika

Nyonga ni kiungo cha tufe na kikombe. Tufe ni kichwa cha mfupa wa paja. Kikombe kimo ubavuni mwa fupanyonga. Nyuso zinazokutana zimefunikwa gegedu laini lisilo na mishipa ya damu wala ya fahamu, na mdomo wa kikombe umezungukwa na ukingo mgumu wa nyuzinyuzi uitwao labramu. Ukingo huo hukiongezea kikombe kina, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: hugandamana na kichwa cha paja na kuufungia ute ndani ya kiungo. Mwili unapouelemea mguu, ute uliofungiwa hubeba sehemu ya mzigo. Labramu ikichanika, ute huponyoka na gegedu huelemewa.

Mbano hutokea pale shingo ya mfupa wa paja inapogonga mdomo wa kikombe kabla mwendo wa kawaida haujaisha. Katika nyonga iliyoumbika vizuri, kati ya kichwa na shingo pana bonde linaloacha nafasi hata goti linapopandishwa kifuani na paja kuzungushwa kuelekea ndani. Bonde hilo likijaa mfupa, au mdomo wa kikombe ukitokeza kupita kiasi, nafasi huisha mapema na mfupa hukutana na mfupa.

Hali hizo mbili huharibu kwa njia tofauti. Katika aina ya kamu, iliyopewa jina la kile kipande cha injini chenye upande mmoja uliotuna, kichwa cha paja si duara kamili. Paja likikunjwa, upande uliotuna hulazimika kuingia ndani ya kikombe ambacho haukitoshei. Labramu husukumwa nje huku gegedu lililo jirani likisukumwa kuelekea katikati ya kikombe. Nguvu hizo zinazovutana hulikata gegedu mahali linapoungana na labramu, sehemu ya juu kwa mbele, kisha hulibandua taratibu kutoka kwenye mfupa lilipojishikiza. Kwa juu gegedu huweza kuonekana zima, kumbe chini yake limekwisha kuachana na mfupa. Aina hii huonekana zaidi kwa wanaume vijana.

Aina ya pili ni ya koleo, ambayo husimuliwa zaidi kwa wanawake wa umri wa kati. Hapa kasoro iko kwenye kikombe: kimefunika kichwa kupita kiasi au kimeelekea nyuma. Kinachopondwa kwanza ni labramu yenyewe, ambayo huchakaa na pengine kugeuka mfupa. Shingo ikishagota mbele, kichwa husukumwa kinyume na kukwaruza gegedu la nyuma. Wagonjwa wengi huwa na mchanganyiko wa aina zote mbili.

Umbo lenyewe lilijulikana zamani. Mwaka 1936 Marius Smith-Petersen wa Boston alieleza upasuaji wa kupunguza ukingo wa kikombe, na katika miaka ya 1960 na 1970 madaktari waliosoma picha za eksirei walishuku kwamba kichwa cha paja kisicho duara hutangulia kusagika kwa nyonga. Kilichokosekana ni ushahidi wa kuonwa kwa macho. Kuichomoa nyonga ya kijana kutoka kwenye kikombe kuliogopwa, kwa kuwa kichwa cha paja hutegemea hasa ateri moja inayopanda kwa nyuma; ikikatwa, mfupa hufa.

Kizuizi hicho kilivunjwa na Reinhold Ganz na wenzake huko Bern, Uswisi. Kwanza waliifuata ateri hiyo hatua kwa hatua katika maiti. Kisha wakabuni njia ya kukata kipande cha nundu ya nje ya paja pamoja na misuli yake, kukipindua mbele na kuitoa nyonga kwa upande wa mbele, huku misuli midogo ya nyuma inayoikinga ateri ikiachwa bila kuguswa. Mwaka 2001 walitoa taarifa ya nyonga 213 zilizofunguliwa hivyo katika miaka 7 bila kichwa hata kimoja kufa. Mwaka 2003, wakiwa na uzoefu wa zaidi ya nyonga 600, walieleza kwamba mbano ndio chanzo cha kusagika kwa nyonga nyingi ambazo awali zilisemekana kuharibika bila sababu. Nguvu ya hoja yao ilikuwa hii: kiungo kikiwa wazi, waliweza kukikunja na kuona uvimbe wa mfupa ukiingia palepale gegedu lilipochanika.

Uvimbe wa kamu hujijenga hasa katika miaka ya balehe, kabla gegedu la ukuaji halijafunga. Vijana wanaofanya mazoezi mazito ya mpira wa miguu, mpira wa kikapu au magongo ya barafuni huwa nao zaidi kuliko wenzao wasiocheza. Hata hivyo, wengi wenye umbo hilo hawaumwi kamwe, na labramu iliyochanika huonekana pia katika picha za watu wasio na maumivu. Ndiyo maana makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Warwick, Uingereza, mwaka 2016 yanataka mambo matatu pamoja: maumivu, ambayo kwa kawaida huwa ya kinena na huzidi kwa kuchuchumaa au kukaa muda mrefu, dalili zinazopatikana daktari anapoikunja nyonga, na picha inayoonyesha umbo. Kumpasua mtu kwa sababu ya picha peke yake ni kosa.

Kushona labramu na kuuacha mfupa unaoichana ni kazi nusu. Siku hizi upasuaji mwingi hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo: mfupa huchongwa, kisha labramu hufungwa tena kwenye mdomo wa kikombe. Uchongaji nao una mpaka, kwani majaribio kwenye mifupa ya maiti yalionyesha kwamba kuondoa zaidi ya asilimia 30 ya unene wa shingo kwa mbele huidhoofisha kiasi cha kuweza kuvunjika.

Mazoezi ya tiba hayabadilishi umbo la mfupa, ila huimarisha misuli na kumfundisha mgonjwa kuepuka pembe inayobana. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 348, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha upasuaji na mazoezi hayo, na ulionyesha kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopasuliwa waliwazidi waliopewa mazoezi kwa wastani wa alama 6.8 kati ya 100 baada ya mwaka mmoja. Hata hivyo, kwa kuwa waliofanya mazoezi nao walipata nafuu, mazoezi yaliyosimamiwa vizuri yanastahili kutangulia. Gegedu likishalika hadi nafasi ya kiungo kubaki milimita 2 au chini yake, kuchonga mfupa hakusaidii sana, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi huishia kuwekewa nyonga ya bandia.