Kusoma Nyota Laare

Ukisema hapa Laare kwamba unasoma nyota, mtu atakuuliza unatoza pesa ngapi. Kwa hivyo siku zile nilipokuwa nikisoma makala ya Adam Riess na wenzake, iliyotoka Septemba 1998 katika jarida la Astronomical Journal, niliwaambia watu nasoma tu mambo ya taa. Na si uongo. Ni makala ya watu wanaotazama taa za mbali na kubishana ziko umbali gani.

Nitaihakiki kama ninavyohakiki riwaya: inadai nini, inathibitishaje, inajikwaa wapi. Fizikia niliiacha mwaka wa pili chuoni, karo iliposhindikana, na kwa muda mrefu niliamini maandishi ya aina hii yana wenyewe. Siku hizi siamini hivyo.

Hoja yao ni hii. Kuna aina ya nyota zinazolipuka, supanova za Ia, ambazo hutokea nyota kibete nyeupe inapolipuka. Milipuko hiyo hufikia mng'ao unaokaribiana. Ukijua taa ina nguvu kiasi gani, ukaona imefifia kiasi gani, utajua iko mbali kiasi gani: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaokufikia hubaki robo. Wanaastronomia huziita mishumaa ya kipimo. Mimi mshumaa haunisaidii sana. Kwetu ningesema taa za pikapu ya miraa. Ukisimama usiku kando ya barabara ya Maua, macho yenyewe yanakwambia kama una muda wa kuvuka.

Nilimweleza baba hivyo. Amefunga miraa miaka mingi, na kibunda kibovu hakimpiti. Akaniuliza, "Na umejuaje ni pikapu, si pikipiki mbili zinazokuja sambamba? Na kukiwa na ukungu je?"

Kumbe maswali hayo yote yamo ndani ya makala, na hapo ndipo penye uzuri wake. Ukungu wao ni vumbi la angani linalofifisha mwanga. Wanalikadiria kwa rangi, kwa sababu vumbi la kawaida huuacha mwanga ukiwa mwekundu zaidi. Pikipiki zao ni tofauti za milipuko yenyewe: yenye mng'ao mkubwa hufifia polepole, kwa hiyo wanafuatilia jinsi kila mmoja unavyopanda na kushuka kwa wiki kadhaa, kisha wanarekebisha hesabu. Halafu wanajiuliza: je, nyota za zamani zililipuka kama za leo? Je, tumeziona zile zenye mwanga mkali tu, hafifu zikatupita? Wanajishtaki wenyewe, shtaka baada ya shtaka, kabla msomaji hajafungua mdomo. Nimesoma tahakiki nyingi za fasihi yetu, na zangu zikiwemo, zisizo na hata aya moja ya namna hiyo. Tunataja dhamira, tunaokota mifano inayokubaliana nasi, tunafunga kazi.

Matokeo yao yaliwashtua wengi. Ilitarajiwa kwamba mvuto wa maada ungepunguza kasi ya ulimwengu kupanuka. Lakini supanova za mbali zilikuwa hafifu mno. Kwa wastani zilionekana kuwa mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko zinavyopaswa kuwa katika ulimwengu wenye maada kidogo na usio na kitu cha kuusukuma. Yaani upanuzi unaongeza kasi. Kikundi cha Saul Perlmutter, kwa supanova 42, kilifika hapo hapo katika makala ya 1999. Mwaka 2011 Perlmutter, Brian Schmidt na Riess wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia.

Kasoro yake naiona kwenye kichwa. Kinatangaza ushahidi wa ulimwengu unaoongeza kasi, halafu hapo hapo kinataja namba ya kudumu ambayo Einstein aliiingiza katika hesabu zake mwaka 1917. La kwanza ni kipimo. La pili ni maelezo mojawapo ya kipimo hicho. Kichwa kimewaketisha pamoja kama mapacha. Mwandishi wa hadithi angeambiwa na mhariri wake: umemtaja muuaji kabla upelelezi haujaisha.

Wasimulizi waliokuja baadaye wakazidisha. Wakashika jina "nishati ya giza", wakalisimulia kana kwamba ni kitu kilichokwisha kukamatwa. Hapa Laare jina hilo linachekesha, maana giza ni daraja la miraa na lina bei yake. Giza la angani bado hakuna aliyelipeleka sokoni.

Wapimaji wenyewe hawajatulia. Mwaka 2024 mradi wa Dark Energy Survey ulitoa matokeo ya supanova zaidi ya 1,500. Mwaka 2025 mradi wa DESI, unaopima jinsi galaksi zilivyojipanga, uliunganisha vipimo vyake na vya supanova ukaona dalili kwamba msukumo huo huenda unadhoofika. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, wakadai kwamba mng'ao hutegemea umri wa nyota iliyozaa mlipuko. Yaani huenda bado kuna pikipiki katikati ya pikapu. Dai hilo lina wapinzani wake.

Hayo hayaibomoi makala ya 1998. Iliweka namba na mashaka mezani pamoja, ili anayekuja nyuma ajue pa kugonga. Iko bure mtandaoni. Hesabu zikikushinda, ziruke, nenda kwenye mashaka karibu na mwisho.

Nilimsomea baba sehemu hiyo kwa Kiswahili changu cha kubahatisha. Alisikiliza huku akifunga vibunda.

"Na wale wa ukungu, wamejibiwa wote?"

Nikamwambia bado wanapima.

"Basi usiandike kwamba wamemaliza."