Mshairi Aliyejificha Nyuma ya Gitaa

Ulaya walimwita babu wa muziki wa benga. Kenya ilimpa Daniel Owino Misiani jina jingine, Mfalme wa Historia, na nikiambiwa nichague kati ya hayo mawili sitasita kulichukua la pili. La kwanza linasifu vidole. La pili linasifu kichwa na ulimi. Pita Kondele, Kisumu, jioni, saa ambazo spika za vinyozi na za vibanda vya chipsi zinashindana kupasua masikio, usikie jinsi Misiani anavyopokewa. Miguu inafuata gitaa kama kawaida, ila wale waliokwisha kula chumvi huinamisha kichwa kidogo. Wanangoja aseme.

Si kwamba Kondele kuna utulivu wa kusikilizia mashairi. Barabara ya Jomo Kenyatta hupanda kutoka mjini, ikapita soko la Kibuye, ikafika hapa kwenye daraja la juu, kisha ikashika njia ya Mamboleo hadi Kakamega. Makanga wanaita abiria, watu wa bodaboda wanapenyeza pikipiki mahali hata mbuzi angefikiri mara mbili, akina mama wanapima omena kwa gorogoro. Mtaa wa Manyatta umeegemea papo hapo. Siasa ya Kisumu ikichacha, moshi wa matairi huanza kupaa hapa kabla ya kwingine. Giza likiingia, hapahapa ndipo watu wa mji huja kutafuta ngoma za ohangla na benga inayopigwa na watu, si na mashine. Ghasia na muziki vimekaa Kondele miaka mingi bila kimoja kumfukuza mwenzake, na anayetaka kuelewa ufundi wa Misiani hana budi kuvitazama vyote viwili pamoja.

Maana hapo karibu iko hospitali kubwa ya rufaa ambayo leo inabeba jina la Jaramogi Oginga Odinga. Wazee hawana haja na jina hilo. Kwao ni Russia tu, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Waziri Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai mwaka huohuo, na Nyanza ilikuwa na donda bichi. Kenyatta na mpinzani wake Oginga walirushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku chache baadaye chama cha Oginga, KPU, kilipigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. Tangu hapo mtu yeyote wa upande huu wa ziwa alijua bei ya neno lililosemwa wazi. Misiani wakati huo alikuwa kijana wa miaka 29, mwenye gitaa, bendi na mambo mengi ya kusema.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Nyamagongo, karibu na Shirati, mkoa wa Mara, upande wa Tanganyika lakini mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana nchi zisizo zao, ukapita katikati ya Wajaluo bila kuwauliza. Shirati ilikuwa boma la Wajerumani. Baba na mama walikuwa waimbaji, lakini dini ya nyumbani haikupatana na muziki wa dunia, na gitaa la kijana liliharibiwa na mkono wa baba yake mwenyewe. Hadithi ya namna hii utaisikia kwa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki, na mara nyingi huishia hapo, kijana akarudi shambani. Huyu alivuka mpaka. Katika miaka ya 1960 alijijenga Kenya, akaanza kurekodi na Victoria Boys, na baada ya kubadilisha majina ya bendi mara kadhaa akatulia kwenye lile la nyumbani alikotoka: Shirati Jazz.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana benga husifiwa sana na watu wasioieleza.

Kabla ya gitaa palikuwa na nyatiti. Ala hii ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini karibu na ardhi, amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anagongea mbao ya ala ili kushika mapigo, na njuga zinalia mguuni. Mtu mmoja anafanya kazi ya bendi nzima. Anaitwa matangani, anamsifu marehemu, anawakumbusha walio hai ukoo wao, na akitaka anawachoma kidogo waliomwonea marehemu enzi za uhai wake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili askari walirudi na magitaa, na vijana wa pwani ya ziwa wakaanza kuyafundisha tabia za nyatiti. Waliojaribu walikuwa wengi, na ubishi juu ya nani hasa aliianzisha benga nawaachia wanaoupenda. Ninachokisikia mimi ni matokeo: gitaa la solo katika benga haliimbi wimbo wake lenyewe. Linamfuata mwimbaji neno kwa neno, linarudia alichosema, linamjibu, linamshuhudia. Ridhimu inaingia katika nafasi zilizoachwa na solo. Besi inarukaruka, haikai pale unapoitarajia. Juu ya hayo yote sauti mbili zinatembea bega kwa bega, na ile ya Misiani ni ya juu, imekazwa, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

Kisha sauti zinanyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Wanamuziki wenyewe huita sehemu hiyo klaimaksi. Hapo ndipo wachezaji huinuka, na hapo ndipo wageni wengi hudhani wimbo umeanza, kumbe wenye lugha wameshapata walichokijia.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo vijana wa leo, waliozoea wimbo usio na mwisho kwenye simu, hawakulikuta. Nyimbo hizi zilitoka kwenye santuri ndogo za 45, zenye dakika chache kila upande. Hadithi ndefu haikutosha upande mmoja. Ikawa wimbo unakatwa: sehemu ya kwanza huku, unainua sindano, unageuza, sehemu ya pili kule. Mtunzi ilimbidi ajue mahali pa kukata, mahali ambapo msikilizaji atainuka mwenyewe kitini kwenda kugeuza. Santuri hizo zilirekodiwa Nairobi, na pia Kericho kwa Chandarana, zikasambaa hadi mbali. Kazi za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilipokelewa Zimbabwe kwa moyo mweupe kiasi kwamba huko muziki wenyewe uliitwa kanindo. Fikiria hilo: watu wasioelewa hata neno moja la Dholuo, lugha ya Wajaluo, wakaupa muziki jina la aliyeuleta. Vidole vilisafiri, maneno yakabaki Nyanza.

Ndiyo maana naona jina la Ulaya limepunja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Misiani alipata wasikilizaji Uingereza, na mwaka 1989 ikatoka albamu ya Benga Blast! Waliisikiliza kwa furaha ya haki kabisa. Ila walichokuwa nacho ni nusu ya mtu. Nusu ya pili ni mshairi aliyefunga maana katika mafumbo na kuyatoa hadharani bila kutetereka. Alipenda kuanzia mbali: kisa cha Biblia, habari za watu wa kale, tabia za mnyama fulani. Kufikia ubeti wa tatu msikilizaji wa Kisumu keshaanza kujiuliza kwa nini huyu mnyama anafanana na mheshimiwa.

Waswahili wa pwani tunaujua ufundi huu kwa jina la mtu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa takriban mwaka 1840, alipigana upande wa Wamazrui dhidi ya Seyyid Said kwa silaha ya beti, na mengi aliyoyatunga yalihitaji mtu mwenye habari za mji ndipo yafunguke. Husemwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Kwa mshairi wa siasa mambo yako kinyume kidogo: anamfumbia mwerevu, tena mwerevu mwenye bunduki, na shabaha yake ni kwamba huyo atambue kabisa lakini ashindwe kuandika mashtaka. Nyani amevunja sheria gani? Mfalme wa zamani ametukana serikali ya leo kwa kifungu kipi? Ofisa anayefungua jalada lazima aandike kwanza, kwa mkono wake, kwamba yeye ameona nyani anafanana na mkubwa wake.

Serikali zilizomkamata Misiani hazikujali sana adabu hiyo ya kisheria. Alitiwa ndani zaidi ya mara moja kwa ajili ya nyimbo zake. Fumbo halikuwa ngao ya chuma, na sipendi wanaolisimulia kana kwamba mjanja mwenye gitaa aliwachezea polisi shere miaka arobaini bila kuumia. Kilichomsaidia ni kwamba wimbo ulikwisha kutoka. Mtu anafungwa, wimbo uko matatuni.

Mwenzake wa karibu zaidi ninayemfahamu yuko Ujerumani: Wolf Biermann, mshairi mwenye gitaa, mzaliwa wa Hamburg, aliyevuka mwaka 1953 kwenda Ujerumani Mashariki kwa hiari yake akiamini ujamaa. Mwaka 1965 wakubwa wa huko wakampiga marufuku jukwaani. Novemba 1976 wakamruhusu kwenda kuimba Köln, na alipokwisha kuimba wakamvua uraia ili asirudi. Wote wawili walivuka mpaka uliokata watu wa lugha moja, wote wawili wakawa mwiba kwa waliowakaribisha. Ila Biermann alisema wazi, kwa jina, na hilo nalo ni ujasiri. Nikipewa nafasi ya kuketi na mmoja nitamchagua yule wa Shirati, kwa sababu ya kazi ya ziada aliyowaachia wasikilizaji wake. Wimbo wa wazi unaumaliza ukiwa peke yako. Wa mafumbo unahitaji majirani.

Chukua wimbo wa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, wa miaka yake ya mwisho, wakati matumaini ya uchaguzi wa mwaka 2002 yalikuwa yameanza kuchacha na wakubwa wa serikali mpya wanagombana. Watu wa Nyanza waliwasikia wanasiasa ndani yake mara moja. Lakini wanasiasa gani? Waliokuwa madarakani, waliotangulia, au walewale waliobadilisha chama? Nimesikia fundi wa pikipiki akishikilia jibu moja na mteja wake akishikilia jingine, kila mmoja na ushahidi kutoka ubeti uleule, pikipiki imelazwa, spana mkononi. Mtunzi alikuwa ameshakufa. Alifariki 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani, Kisumu. Kesi yake inaendelea kusikilizwa.

Wanaoimba Kondele siku hizi wana mzigo mwingine. Katika ukumbi wa ohangla au benga kuna pakruok: mteja anatoa noti, muziki unasimamishwa, anashika maikrofoni na kujisifu yeye, ukoo wake, kijiji chake na mpenzi wake, kwa maneno aliyoyachonga nyumbani. Ni mchezo mzuri sana na una ushairi wake. Nimesikia watu wasio na shilingi ya kesho wakijieleza kwa sekunde kumi namna ambayo wabunge hawajawahi kujieleza kwa saa nzima. Lakini noti inayosimamisha muziki inaweza pia kuugeuza. Mwimbaji anazoea kutaja majina ya wenye pesa, wagombea wanagundua kwamba jina lao ndani ya wimbo ni bei nafuu kuliko bango, na polepole sifa inakula nafasi ya hadithi. Siwalaumu, gitaa halilipi kodi ya nyumba Manyatta. Ninachosema ni kwamba kusifu kwa jina ni rahisi, na kusema ukweli bila kutaja jina ni kazi ya miaka.

Anayetaka kumsikia Misiani vizuri asitosheke na magitaa. Achukue wimbo mrefu, akae na mtu anayeijua Dholuo ya ndani, asimamishe kila baada ya mistari michache, aulize. Dholuo yangu ni ya sokoni, ya kuuliza bei na kulalamika juu yake, kwa hiyo mimi humtegemea mwalimu mmoja mstaafu. Ananifasiria kwa subira: huyu ni nani, huyu mnyama ana tabia gani kwa mila, hapa amewagusa wale, hapa amejigusa mwenyewe. Naandika haraka. Shida inakuja sauti zinapokaribia kunyamaza na solo inapoanza kukaza kamba. Mwalimu anakunja miwani, anaiweka mfukoni, anasema nitamuuliza mengine baadaye, anainuka kucheza.