Bushi Iliyoachwa Mezani: Uchambuzi wa Soketi za Haidroli Nyuma ya Trekta Dogo

Kila kazi ya kuongeza soketi za haidroli nyuma ya trekta dogo hupaswa kupimwa kwanza kwa swali la mahali mafuta yanakorudi na njia yanayopitia, na kwa kipimo hicho kazi ambayo wasomaji wengi wa safu hii wameshaitazama katika mkanda uliosambazwa majuzi imekosewa, tena imekosewa mahali pasipostahimili kosa. Fundi aliyeifanya ana mikono mizuri na zana kamili, jambo linaloufanya uamuzi wake wa katikati ya kazi uwe mgumu zaidi kuvumilika, kwa kuwa hakukosa ujuzi wa kukata, kupinda wala kukaza, bali alikosa kuisoma vali aliyokuwa ameishika mkononi.

Trekta lenyewe ni la aina inayofahamika vizuri Afrika Mashariki: dogo, la Kijapani, lililoingizwa likiwa limeshatumika, lenye ndoo ya mbele iliyofungwa baadaye na lifti ya nyuma, yaani mikono miwili ya chini na kiungo kimoja cha juu vinavyobeba plau au rotaveta. Matrekta mengi ya kundi hilo yalibuniwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya Japani, ambako kazi kuu ni kuzungusha rotaveta kwa shafti ya nyuma, na kwa hiyo hayakuwekewa soketi za mafuta za kuinulia tela la kumwaga au za kurefushia kiungo cha juu chenye silinda. Mkulima wa huku anavihitaji vitu hivyo, na nia ya kumwongezea ni njema kabisa.

Mfumo wa haidroli wa matrekta haya ni wa kitovu wazi, maana yake ni kwamba pampu ya gia haina namna ya kupumzika: injini ikizunguka pampu inasukuma, na mafuta hayo, ambayo katika matrekta ya ukubwa huu mara nyingi huwa kati ya lita 15 na 30 kwa dakika, lazima yapewe njia ya kupita katikati ya kila vali na hatimaye kurudi kwenye giaboksi, ambayo ndiyo tangi lake. Vali zimepangwa kwa mfululizo, ya ndoo kwanza, ya soketi za nyuma baada yake, na ya lifti mwisho. Dereva anapovuta wenzo, spuli, yaani kijiti cha chuma kinachoteleza ndani ya mwili wa vali, huifunga njia ya katikati na kuyageuza mafuta yaelekee upande mmoja wa silinda, huku yale yanayosukumwa kutoka upande wa pili yakitolewa kupitia njia ya kurudi. Kutokana na mpangilio huo, vali iliyo katikati ya mfululizo inahitaji matundu matatu yasiyochanganyika: tundu la kuingilia, tundu la kuendeleza, ambalo hupeleka mafuta yenye shinikizo (presha, kama yasemavyo magereji) kwa vali inayofuata, na tundu la kurudisha, ambalo huyapeleka mafuta yaliyomaliza kazi moja kwa moja kwenye giaboksi.

Vali nyingi zinazouzwa madukani, ikiwemo hii iliyoonyeshwa, hufika zikiwa na njia mbili tu, ya kuingia na ya kutoka, kwa sababu ndani yake njia ya katikati na njia ya kurudi zimeunganishwa. Ili zifae kukaa katikati ya mfululizo hufungwa bushi ya kutenganisha, kipande cha chuma chenye urefu wa kidole gumba na oringi yake, ambacho huingizwa kwenye tundu lililoandaliwa na kuzitenga njia hizo mbili zisionane tena. Bushi hiyo inaonekana wazi katika mkanda. Ilikuja katika mfuko wa nailoni pamoja na vishikio vya nyenzo, na fundi anapoumimina mfuko huo mezani anaviokota vishikio, anaipisha bushi ikiviringika hadi ukingoni mwa meza, na haigusi tena mpaka mwisho wa kazi. Anaufunga mpira wa kuingilia sawasawa, kutoka tundu la kuendeleza la vali ya ndoo, kisha anachukua mpira mmoja wa kutokea na kuupeleka kwenye lifti. Mpira wa tatu haupo. Maelezo anayoyatoa ni kwamba mpira mmoja umeokolewa na nyuma ya trekta pamebaki nadhifu, na kwa sentensi hiyo moja anakuwa ameugeuza upande dhaifu wa vali kuwa barabara kuu ya shinikizo.

Kanuni ya Blaise Pascal, kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungwa huenea sawa pande zote, haibagui chumba kilichotengenezwa kwa ajili yake na kile ambacho hakikutengenezwa. Lifti inapoinua rotaveta nzito, shinikizo linalohitajika kuinua mzigo huo hurudi nyuma kupitia mpira wa kutokea na kujaa katika chumba cha kurudishia cha vali mpya, chumba ambacho watengenezaji wa vali za namna hii hukiwekea kikomo kilicho sehemu ndogo tu ya shinikizo la kazi. Zaidi ya hayo, sili za ncha za spuli, zile zinazozuia mafuta yasitoke pale kijiti kinapotokeza nje, katika vali nyingi hupakana na chumba hichohicho, na hupakana nacho kwa makusudi, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo linapotarajiwa kuwa dogo kuliko kwingine kote. Sili laini iliyochaguliwa kwa mafuta yanayorudi taratibu sasa inaombwa kuzuia bar 100 na zaidi, na itakapochoka itachomoka kando ya nyenzo, yaani karibu na paja la dereva, huku mwili wa vali, ambao ni chuma cha kusubu, ukibaki katika hatari ya kupasuka bila kutoa dalili.

Madhara hayaishii hapo. Vali ya usalama iliyomo ndani ya vali hiyo, yaani ile inayofunguka shinikizo likizidi, haipimi shinikizo peke yake bali hupima tofauti kati ya upande wa kuingia na upande wa kurudi, na hivyo iliyorekebishwa kufunguka kwa bar 140 haitafunguka mpaka bar 240 ikiwa lifti imeweka bar 100 nyuma yake. Silinda nayo hupoteza nguvu kwa namna inayoweza kukokotolewa na mtu yeyote mwenye karatasi: silinda yenye kipenyo cha milimita 50, ikisukumwa kwa bar 160, inatoa takribani tani 3.2, lakini ikiwa upande wake wa fimbo, yenye kipenyo cha milimita 30, unakabiliwa na bar 100 zinazorudi kutoka kwenye lifti, kinachobaki ni takribani tani 1.9. Mwenye trekta atasema pampu imechoka, atauziwa pampu nyingine, na tatizo litabaki palepale.

Inasikitisha zaidi kwamba jaribio lililofungia mkanda lilifanywa katika hali pekee ambamo kosa hili haliwezi kuonekana, kwa sababu mikono ya lifti ilikuwa mitupu na tela lilikuwa tupu. Mikono mitupu haidai shinikizo la kutajika, na pasipo shinikizo mbele ya vali chumba cha kurudishia hutulia kana kwamba bomba lake linakwenda kwenye giaboksi. Tela likapanda, likashuka, mikono ikapanda, ikashuka, na kazi ikatangazwa kuwa imekamilika bila geji ya presha kufungwa mahali popote. Lililothibitishwa na jaribio hilo ni kwamba mafuta yanapita, jambo ambalo hakuna aliyekuwa na shaka nalo.

Utetezi unaosikika mara kwa mara ni kwamba trekta tayari lina vali yake ya usalama karibu na pampu, na kwamba hiyo itazuia lolote. Utetezi huo unachanganya vitu viwili. Vali ya pampu iliyorekebishwa kwa bar 160 inahakikisha kwamba hakuna sehemu ya mfumo itakayopokea zaidi ya bar 160 kutoka kwa pampu, nayo hulinda vizuri kila sehemu iliyotengenezwa kubeba kiasi hicho, lakini chumba cha kurudishia hakikutengenezwa kubeba kiasi hicho, na kikomo kinacholinda pampu hakikilindi. Hoja nyingine, kwamba lifti hupandishwa mara chache tu, haiwezi kutolewa na mtu aliyewahi kulima kwa rotaveta, kazi ambayo humlazimu dereva kuinua zana kila anapofika mwisho wa mstari na kugeuza.

Kazi nyingine yote katika mkanda ni nzuri: kibao cha kushikilia soketi ni imara, mipira imepitishwa mbali na shafti na ekzosi, na kaplingi zimewekewa vifuniko vya kuzuia vumbi.

Isipokuwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo safu hii imeshailalamikia kiasi cha kuwachosha wasomaji na haitaacha kuilalamikia. Nati za haidroli zenye kiti cha koni au oringi huziba kwa koni au oringi, si kwa uzi wake, na tepu inayozungushwa juu ya uzi huo haizuii chochote, bali hukatwa vipande vyembamba wakati wa kukaza, vipande hivyo huingia kwenye mafuta, na kimoja kati yake kikikwama kando ya spuli kinatosha kuzuia wenzo usirudi katikati. Vilevile hakuna aliyezungumzia ujazo. Silinda ya tela yenye kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa mita 1 inameza takribani lita 5, ambazo zinatoka kwenye giaboksi ileile inayolainisha gia, na katika trekta dogo lita 5 ni sehemu kubwa ya mafuta yote, kiasi kwamba mlangoni mwa bomba la kufyonza kunaweza kuingia hewa wakati tela likiwa juu. Vijiti vya kupimia mafuta vipo kwa ajili hiyo, na lilikuwa jambo la dakika moja kukichomoa kimoja mbele ya kamera huku tela likiwa limesimama.

Ni vigumu kulitazama jambo hili bila kumkumbuka Harry Ferguson na trekta lake la TE20, lililotengenezwa Banner Lane, Coventry, kuanzia 1946 hadi 1956, ambalo vali yake ya kudhibiti iliwekwa upande wa kufyonza wa pampu, hivyo kwamba pampu ilivuta mafuta pale tu yalipohitajika na hapakuwa na mkondo unaozunguka bure ukitafuta njia ya kurudi. Warithi wake walioitengeneza Massey Ferguson 135, trekta lililoingia sokoni 1964 na ambalo bado linalima Kenya na Tanzania, waliuendeleza utaratibu huo, na waliotaka kupeleka mafuta kwenye tela walipewa mahali maalumu pa kuyatolea juu ya kifuniko cha lifti, chini ya kiti, ambapo mafuta yalielekezwa ama kwenye mikono ama nje. Lilikuwa na upungufu wake, kwa maana dereva hakuwa na uhuru wote anaoutaka leo, lakini hapakuwa na mwanya wa fundi kukisia. Ferguson aliona pia kwamba mashine pekee haitoshi, akaanzisha shule ya mafunzo huko Stoneleigh, na mtu anayewatazama mafundi wa leo wakifunga vali ambayo hawakusoma karatasi yake ana haki ya kuutamani umakini wa zama hizo.

Trekta la mkandani linaweza kurekebishwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa bushi imeshanunuliwa. Vali ifunguliwe, bushi ifungwe na oringi yake ipakwe mafuta, mpira unaokwenda kwenye lifti uhamishiwe kwenye tundu la kuendeleza, na mpira mpya wa tatu, mpana kuliko wa kuingilia ili usizuie, utolewe kwenye tundu la kurudisha na kuingizwa kwenye giaboksi moja kwa moja, bila kupitia kwa kitu kingine chochote. Kisha geji ya bar 250 ifungwe kwenye njia hiyo ya kurudi na rotaveta ipandishwe: sindano inapaswa kukaa karibu na sifuri tangu mikono inapoanza kunyanyuka hadi inapofika juu, ilhali jinsi trekta lilivyo sasa, geji hiyohiyo ikifungwa kwenye mpira wa kutokea itasoma mzigo wote wa rotaveta.