Ndagala na Mukeke: Jinsi ya Kumjua Samaki Mzuri Sokoni Kamanyola

Samaki anapofika Kamanyola, mambo yake yamekwisha kuamuliwa. Kutoka Uvira, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mpaka hapa ni takribani kilomita 80, kwa kupitia Sange na Luvungi, na bonde la Ruzizi lina joto lisilo na huruma. Hata hivyo, barabara husingiziwa mengi. Uzuri wa samaki hutegemea kilichofanyika ziwani usiku, na katika saa chache baada ya wavu kupandishwa. Mnunuzi anayejua kazi humtazama samaki akakisia wavuvi wake walikuwa watu wa namna gani.

Kule Tokyo, katika soko la Toyosu, wanunuzi wa jodari huchunguza nyama ya mkiani kwa tochi kabla ya mnada, wakitafuta rangi na mafuta. Samaki mmoja hutazamwa kama ng'ombe wa mahari. Sisi wa ndagala, yaani dagaa, tunanunua maelfu kwa beseni moja, kwa hiyo jicho letu linahitaji ujanja mwingine.

Lazima kwanza ujue wanavyovuliwa. Ndagala ni samaki wa maji makuu. Mchana hushuka kilindini, jioni hupanda kufuata vijidudu anavyokula, na mukeke, mwindaji wake, humfuata yeye. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, lakini huku kaskazini, ukishapita mita mia moja hivi hakuna hewa ya kumtosha samaki. Wawindaji na wawindwaji wote wanaishi katika tabaka hilo jembamba la juu. Wavuvi wa Kalundu na Mulongwe, kule Uvira, hutoka jioni na mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wakateremsha wavu, wakawasha taa juu yake na kungoja. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi ni balbu za betri na mitambo ya jua. Mbalamwezi ikitanda, taa hupoteza nguvu, na wengi hupumzika mpaka mwezi upungue. Basi kabla ya kuuliza bei, kumbuka anga la jana. Mtu akikuapia kwamba ndagala wake wabichi ni wa usiku uliopita, na mwezi ulikuwa mpevu, muulize mara ya pili.

Sasa tuje kwenye ndagala wakavu, maana hao ndio wengi hapa, na hao ndio wenye mitego. Usiguse walio juu ya gunia. Waliowekwa juu ni wa maonyesho. Penyeza mkono mpaka katikati, toa konzi moja, uimwage kwenye kiganja cha pili. Muuzaji mzuri hakasirikii jambo hilo. "Mama, naomba ninuse kidogo." "Nusa, baba, pua hailipishwi." Anayekuzuia amekwisha kujibu.

Tazama tumbo kabla ya kitu kingine chochote. Ndagala huvuliwa akiwa ameshiba, na uchachu wa tumboni mwake huanza kuula mwili wenyewe mara anapokufa. Akirundikwa chini ya wenzake ndani ya mtumbwi, au akicheleweshwa kuanikwa kwa sababu wauzaji walikuwa wakibishania bei ufukweni, tumbo hupasuka. Kwenye konzi yako wakiwa wachache waliopasuka, sawa, hakuna usiku usio na hasara. Wakiwa nusu, rudisha. Vichwa navyo viwe vimeshika. Vichwa vilivyojaa chini ya gunia vinaonyesha kwamba mzigo ulioza kidogo kabla ya kukauka, au ulikanyagwa na kurushwarushwa safarini.

Kisha rangi. Ubavu ung'ae fedha na mgongo uwe wa kijivu kinachoelekea buluu. Unjano wa kutu, hasa karibu na tumbo, ni mafuta yaliyochacha, na hakuna mchuzi wa nyanya utakaoficha ukali wake kwenye ulimi. Vunja mmoja: mkavu wa kweli hukatika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji, na kwenye gunia ataota ukungu kabla hujafika Bukavu. Anayesagika kuwa unga, mwenye vitundu, ameshaliwa na wadudu. Huyo anauzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Mchanga ndio ugomvi wangu wa kudumu. Ndagala wengi bado huanikwa chini, ufukweni, na mchanga haung'amuliki kwa macho. Nenda na bakuli jeupe. Tia konzi moja ya ndagala, mimina maji, koroga, toa samaki, kisha inamisha bakuli taratibu. Kitakachobaki chini ndicho ambacho watoto wangekitafuna kwenye sombe. Walioanikwa juu ya vichanja vya waya huacha maji karibu safi, tena hukauka upesi kwa sababu upepo unawapata juu na chini. Ni halali wauzwe ghali zaidi, na mimi hulipa bila kunung'unika.

Tazama pia ukubwa. Ndagala huanza kuzaa akikaribia sentimita 7. Rundo la vidagaa vya nusu ya hapo limevuliwa karibu na ufuko kwa nyavu za macho madogo, pengine hata chandarua. Ukichambua unaweza kukuta humo watoto wa mukeke wenye vinywa vipana. Mzigo kama huo unaweza kuwa mkavu na mtamu, lakini kazi yake ni mbovu, nami siusifu.

Kamanyola ina bahati ya kusimama kati ya maziwa mawili, kwa hiyo sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, nao huteremka hapa kutoka Bukavu. Watu huwabishania kama timu za mpira. Asili yao ni moja: sambaza walichukuliwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanarudi bondeni wakiwa bidhaa. Sambaza ana mwili mnene kuliko ndagala, na akikaangwa mbichi ni mtamu sana. Kwa kukausha, namchagua ndagala: mwembamba, hukauka mpaka ndani.

Mukeke, anayeitwa mgebuka kule Kigoma, habari yake ni fupi. Mbichi: jicho lililotuna, shavu jekundu ndani, nyama inayorudi ukiibonyeza. Aliyevuliwa kwa ndoana huwa na ngozi nzima kuliko aliyesongwa wavuni. Wa moshi awe rangi ya asali iliyoiva. Mweusi tititi amepitishwa motoni haraka ili kuficha kuoza. Mfungue karibu na mfupa wa mgongo, unuse hapo.

Limebaki suala la majira. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuja kwetu, na maji ya chini yenye rutuba huibuka kusini mwa ziwa. Jua la miezi hiyo ndilo bora la kuanika. Lakini nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kupumzisha uvuvi katika kipindi hicho, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa hiyo nunua akiba ya ndagala wakavu kabla ya katikati ya Mei, wakati mvua zinaisha, au ngoja mwisho wa Agosti, ziwa likiwa limefunguliwa na jua bado kali. Hao wa mwisho wa Agosti ndio ninaowaona bora kuliko wote wa mwaka. Na ukikuta mukeke mbichi wa Tanganyika mezani mwezi Julai, muulize mwenye meza samaki huyo ametoka wapi. Asipojibu sawasawa, mwachie samaki wake.